Safu ya Mwenye Boma

Jumla ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonifanya niwe mkaidi asubuhi ile yote, na hadi leo nikimwona kijana anafurahia jumla iliyotoka kwenye kompyuta yake huwa namwuliza swali moja tu: sawa, lakini wapi? Wengi hunitazama kama bibi aliyechanganyikiwa. Siwalaumu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mjini Shinyanga, katika ofisi ya mifugo ambako mimi peke yangu nilijua kuiandikia kompyuta programu. Kompyuta yenyewe ililetwa na wafadhili, ikawekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya dawa za josho, na harufu ya dawa haikuwahi kutoka. Ilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, kiasi kwamba nilikuwa nahesabu hata herufi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Dar es Salaam na cheti mkononi, kichwa kimevimba. Baba yangu alikuwa na duka la kanga na majembe karibu na stesheni, na ukoo wake ulitoka pwani zamani. Nyumbani tulikula nyama na kunywa maziwa, lakini ng'ombe mwenyewe nilimjua kwa mbali, akipita barabarani kwenda mnadani. Nilikuwa naogopa pembe. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwahesabu ng'ombe.

Habari za sotoka zilikuwa zimefika kutoka upande wa Geita. Sotoka ikiingia zizini haichagui, inaanza na makamasi na kuhara, na kabla wiki mbili hazijaisha watu wanaburura mizoga. Chanjo ilikuja kwa treni, nayo ilikuwa haba, na tuliambiwa shehena nyingine haitakuja karibuni. Kwa hiyo kila kata ipewe dozi kwa kadiri ya ng'ombe wake. Mgawo huo ulitoka kwenye programu yangu. Magari yenye makasha ya barafu yalipangiwa kuondoka Ijumaa alfajiri.

Alhamisi asubuhi akaja bwana mifugo wa kata ya Bugarama.

Alikuwa amesafiri juu ya lori la pamba, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alisalimia vizuri, akamwamkia mzee tuliyekuwa naye chumbani, kisha akaniwekea mezani karatasi aliyoandikia mgawo wake alipousikia kwenye simu ya upepo. Akasema kwa upole kwamba pamekosewa. Dozi alizopangiwa zisingetosha hata robo ya ng'ombe anaowaona kila siku kwa macho yake, na kata ya jirani yake tayari ina mizoga.

Nilikasirika. Nasema kweli, sikushtuka, nilikasirika. Nilimwambia kwamba orodha imehakikiwa, kwamba jumla ya programu inakubaliana na daftari la majosho, na kwamba macho ya mtu mmoja hayawezi kushinda hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho. Daktari wa mifugo, mkuu wetu, alikuwa amesimama mlangoni, naye akaongeza la kwake: alitaka kujua kama hizo dozi za ziada zingeishia kwa ng'ombe, au kwa wachuuzi wanaopeleka nyama kwenye makambi ya wachimba dhahabu. Yule bwana akabadilika rangi. Aliinamia orodha yangu ndefu iliyochapwa, akatembeza kidole, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Dada, huyu mtu," akasema, "hapa umemwandika ana ng'ombe hamsini na nane, kijijini kwake karibu na Maganzo. Mwaka jana niliwachoma sindano mimi mwenyewe, wako Bugarama. Nyumbani kwake ana wawili wa maziwa."

Nikamwambia labda wamehamishwa. Akasema hawajahamishwa, wamewekeshwa.

Neno hilo nililisikia kama mtu wa mjini anavyolisikia. Ilibidi anieleze, huku daktari akitazama saa yake. Msukuma hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampa huyu kumi, yule ishirini, rafiki aliye mbali arobaini, hasa upande wa magharibi wenye majani, na yule rafiki anawafuga, anakunywa maziwa yao, anapata ndama kwa shukrani. Ng'ombe wanabaki kuwa wa mwenyewe. Mtakwimu akienda kwa mwenyewe, huyo atamtajia ng'ombe wake wote, hata walio mbali. Akienda kwa mfugaji, huyo naye atawahesabu, kwa kuwa wanalala kwake, na kwa uaminifu atataja jina la mwenyewe na chapa yao ya moto. Hakuna aliyedanganya. Ng'ombe mmoja anaandikwa mara mbili, katika vijiji viwili vilivyoachana kwa safari ya siku nzima.

Hapo ndipo nilipoacha kubisha, kwa sababu mimi niliwahi kukutana na ng'ombe hao walioandikwa mara mbili. Wiki tatu kabla, jumla ilikuwa imezidi daftari la majosho kwa kiasi cha kutisha. Daktari alifoka. Nilitafuta nikaona majina yanajirudia, mwenye ng'ombe yule yule, chapa ile ile, nikajua moja kwa moja kwamba watakwimu walituletea nakala za kaboni pamoja na fomu zenyewe. Nikaandika mistari sita. Programu ikikutana na jina na chapa ilivyokwisha kuviona, iache fomu ya kwanza, iitupe ya pili. Jumla ikashuka, ikakaa pale pale inapotakiwa. Daktari alinipongeza mbele ya watu, nami nilitembea siku ile kama niliyevumbua moto.

Lakini fomu ya kwanza ni ipi? Ni ile iliyoingizwa kwanza. Na zilizoingizwa kwanza ni zilizofika kwanza, za vijiji vya jirani na mji, vya wenye ng'ombe. Za Bugarama na kule Msalala zilikuja baadaye, kwa basi, zikiwa zimefungwa kwa katani. Programu yangu ilikuwa imewaacha ng'ombe mahali walipomilikiwa na kuwafuta mahali walipolala. Jumla ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeona.

Nilimgeukia mzee. Mzee huyu alikuwa karani wa mifugo tangu enzi za mkoloni, Msukuma wa kule kule Maganzo, aliyeshika daftari la majosho kwa mkono wake kabla mimi sijazaliwa. Aliniita mwanangu, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, lakini tulikuwa tunavumiliana tu. Kompyuta ilimpokonya kiti cha dirishani. Nilimuuliza kama alijua habari hii ya kuwekesha. Akasema kila mtu anajua. Nikamuuliza mbona hakuniambia nilipokuwa nafuta. Akasema hakuulizwa.

Ningeweza kupiga meza. Daktari aliniwahi, akauliza swali la maana kuliko yote: inarekebishika kabla ya alfajiri? Kama haiwezekani, magari yataondoka na orodha iliyopo, na Bugarama itapata kilichoandikwa. Nilisema inarekebishika. Nilisema kabla sijafikiri, kwa kiburi kile kile.

Haikuwa rahisi kama kugeuza mstari mmoja, ibaki ya pili badala ya kwanza, kwani baadhi kweli zilikuwa nakala za kaboni, na baadhi ya fomu za magharibi zilitangulia. Kilichohitajika ni kujua, kwa kila fomu iliyotupwa, kama aliyehesabiwa ni mwenye ng'ombe au ni mfugaji. Na fomu ilikuwa inasema. Ilikuwa na safu ya mwenye ng'ombe, na pembeni yake safu ya mwenye boma. Majina mawili yakitofautiana, basi ng'ombe wamewekeshwa, na hapo ndipo walipo. Mtu aliyebuni fomu ile alijua anachofanya. Mimi nilipokuwa naingiza niliona safu mbili za majina, karibu kila mara jina lile lile, nikaona upotevu wa nafasi. Safu ya mwenye boma sikuiingiza kabisa. Hili ni kosa nimeliona likifanywa na watu wengi baada yangu, wasomi wakubwa kuliko mimi, na kila mara sababu ni hiyo hiyo, kwamba taarifa fulani ilionekana kama marudio.

Jambo moja tu la akili nilikuwa nimelifanya. Fomu zilizotupwa sikuzifuta moja kwa moja, nilizihifadhi kwenye diski ya peke yake, pamoja na namba zake. Zilikuwa mia nne na kitu. Fomu zenyewe za karatasi zilikuwa kwenye maboksi ukutani. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu juzi, na jenereta ilikuwa na dizeli ya kufika saa kumi na mbili jioni, labda pungufu. Kuchapa orodha peke yake kungechukua karibu saa nzima. Daktari akasema saa kumi na moja nianze kuchapa, nikiwa nimemaliza au sijamaliza.

Tulianza saa tano. Bwana mifugo wa Bugarama alichimbua fomu kwenye maboksi kwa namba nilizomsomea, akampa mzee rundo kwa rundo. Mzee alivaa miwani, akasoma. Mimi nilikuwa nimeandika programu fupi inayoleta kwenye kioo namba ya fomu, jina la mwenye ng'ombe na idadi, kisha inasubiri herufi moja: N kama ndiyo, wamewekeshwa, H kama hapana, ni nakala. Kabla ya yote niliijaribu kwa fomu kumi, nikazihesabu na kwa penseli pembeni, kata kwa kata, nikalinganisha. Hilo lilinipotezea nusu saa na daktari aliguna, lakini sikukubali kudanganywa mara ya pili siku moja.

Mzee alisoma taratibu mno. Mwanzoni nilidhani ananikomoa. Alikuwa akifika kwenye jina la mwenye boma anapunguza sauti, anatazama mlango, ndipo anasoma. Nilimwomba aongeze sauti, akasema bila kuniangalia kwamba mambo haya hayasomwi kwa sauti. Mtu alipoweka ng'ombe wake ni siri yake. Wake hawajui wote, wakwe hawajui, hata ndugu wa tumbo moja. Na sisi tulikuwa tunakwenda kuchapa orodha yenye jina, idadi na kijiji, halafu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale nje, kama daktari alivyoagiza kila mgawo ubandikwe ili pasiwe na manung'uniko. Nilisikia maneno hayo. Nilikuwa natazama saa. Nikamwambia, "Mzee, wakifa hawatakuwa siri tena," nikajiona nimesema jambo. Akaendelea kusoma.

Saa nane hatujala. Saa tisa jenereta ilikohoa, kioo kikafifia, nikahifadhi kila kitu upesi, kisha ikatulia. Baada ya hapo nikawa nahifadhi kila fomu kumi, na kila nikihifadhi tulikuwa tunasubiri diski ikikwaruza. N, N, H, N. Ng'ombe walikuwa wanarudi Bugarama kidogo kidogo. Yule bwana aliweka hesabu yake kwenye pakiti ya sigara, na kila N ya kata yake alichora kijistari. Hakuwa na furaha, alikuwa na woga wa mtu aliyekaribia kufika.

Saa kumi na nusu zilikuwa zimebaki fomu chini ya thelathini. Bwana mifugo alitoka kwenda kumimina dizeli ya mwisho iliyobaki kwenye dumu. Tulibaki mimi na mzee. Nilibonyeza, ikaja namba, na chini yake jina la mwenye ng'ombe. Lilikuwa jina la mzee mwenyewe. Ng'ombe sitini na watatu. Kwa namba yake, fomu imetoka Bugarama.

Nilimsikia ameacha kusoma. Nilipogeuka alikuwa ameishika ile fomu kwa mikono miwili. Sikuhitaji kuiona safu ya mwenye boma, uso wake ulitosha. Kisha akaigeuza, akaiweka chini ya rundo la zilizokwisha kusomwa, akachukua inayofuata.

"Hiyo ni nakala tu," akasema. "Weka H."

Nimejieleza mara nyingi kwa nini nilifanya nilivyofanya. Nimejiambia kwamba muda ulikuwa umekwisha, kwamba alikuwa na umri wa baba yangu, kwamba mtoto hamwambii mzazi umesema uongo. Nimejiambia pia kwamba ng'ombe sitini na watatu katika mkoa mzima ni kitu gani. Yote hayo niliyatunga baadaye. Pale pale nilichokiona ni kwamba mzee huyu aliyenidharau siku zote ananiomba kitu, na kwamba kumpa ni rahisi. Niliweka H.

Saa kumi na moja na dakika chache mashine ilianza kuchapa. Orodha ilipotoka, Bugarama ilikuwa imepanda mara nne na zaidi. Bwana mifugo aliisoma akiwa amesimama, akalinganisha na pakiti yake ya sigara, akasema inakaribia. Daktari alimshika bega, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Mzee alikuwa ameshachukua baiskeli yake na kuondoka. Jenereta ilizimika ukurasa wa mwisho ukiwa bado haujamaliza kutoka, tukaumalizia kwa kalamu.

Karibu mwezi ulipita. Bwana mifugo alirudi kutoa taarifa, safari hii amenawa uso, na tukaketi chumbani mle mle, yeye, mimi, daktari na mzee. Sotoka ilipita Bugarama na kukuta ng'ombe wamechanjwa. Ilitua kwa majirani, kwake ikashindwa. Daktari alifurahi sana, akaniita shujaa. Mimi nilikuwa nasubiri.

Kisha yule bwana akasema kulikuwa na boma moja tu lililoharibikiwa, la mwisho kwenye njia yake. Dozi zilipungua, kama sitini hivi, hakuelewa zilipotelea wapi, labda yeye mwenyewe alihesabu vibaya. Mwenye boma alikuwa na makundi mawili, lake na la kuwekeshwa. Alipoambiwa dozi hazitatosha alitanguliza la kuwekeshwa. Bwana mifugo alimshauri agawanye nusu kwa nusu, akakataa, akasema wa mtu ni wa mtu. Wakachanjwa wote wa kuwekeshwa. Wa kwake, siku ya kumi na mbili, walianza kuanguka. Alibaki na mitamba miwili.

Mzee akauliza jina la mwenye boma. Akatajiwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na haja ya kununua, akaomba ruhusa akatoka.

Habari zake nilizijua baadaye. Marehemu kaka yake aliacha watoto wa kiume watano, wote wamefika umri wa kuoa, na mahari yao ilimwangukia yeye. Walijua ana ng'ombe, hawakujua wako wapi. Siku wangejua, lile zizi lingekwisha mwaka ule ule. Sina hakika kama mimi ningekuwa yeye ningesoma fomu ile kwa sauti.

Wiki iliyofuata alikuja asubuhi kabla ya wengine, amevaa koti lake la safari. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa na fomu mpya, ameijaza mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa daftari. Kata ya Bugarama. Ng'ombe sitini na watatu. Safu ya mwenye boma ilikuwa na jina la yule mfugaji, na safu ya mwenye ng'ombe ilikuwa na jina hilo hilo.

Aliniomba niiingize mbele yake. Nikaingiza, safari hii safu zote mbili. Akatazama kioo hadi jina lake lilipotoka na la yule mfugaji likakaa mahali pake, akavua miwani akaifuta.

"Siku ile uliniona," akasema.

Nikasema nilimwona.

"Ungesema ningekuchukia, mwanangu. Ningekuchukia hadi kufa kwangu." Akavaa miwani. "Lakini bora ungesema."

Aliangalia saa ya ukutani, akaniambia basi la Kahama, njia ya Bugarama, linaondoka saa mbili, akaenda.